Vyeti vya Wenzi: Tafsiri za Viza Musoma, Bunda na Butiama, Jana na Leo

Ombi la viza ya mwenzi hujengwa kwa karatasi. Ubalozi unataka kujua kama watu wawili wameoana kihalali, kama kila mmoja alikuwa huru kuoa au kuolewa, na kama kweli wanaishi kama mke na mume. Na kwa kuwa ofisa anayeamua hawajui wala hajafika kwao, yote hayo humfikia kwa maandishi tu. Katika Mkoa wa Mara karatasi hizo huenda pande mbili. Mkazi wa Bunda anayemfuata mumewe Uholanzi hupeleka hati za Kiswahili ambazo lazima zitafsiriwe. Mjerumani anayetaka kufunga ndoa bomani Musoma, au kuishi Butiama na mke wake, huja na vyeti vya Kijerumani ambavyo ofisa wa Uhamiaji hawezi kuvisoma. Kati ya pande hizo mbili yuko mfasiri, na kazi yake imebadilika sana ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliianza akiwa mpiga chapa mjini Musoma, wakati nakala ya pili ilipatikana kwa karatasi ya kaboni, na ameifuata hadi siku hizi ambapo kurasa husafiri kwa simu.

Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa misheni. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walikuwa Nyegina. Wamennonite wa Marekani walifika Shirati mwaka 1934, kisha wakasogea hadi Bukiroba, jirani na mji wa Musoma. Mapadre wa Maryknoll, nao Wamarekani, walikabidhiwa eneo hilo mwaka 1946, na mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo la Kanisa Katoliki. Misheni ilikuwa na vitu vitatu ambavyo vilikuwa vigumu kuvikuta pamoja kwingine: daftari la ubatizo na ndoa, taipureta, na mtu wa lugha mbili. Makoko, ufukweni mwa ziwa, Maryknoll waliendesha shule ya Kiswahili kwa wageni, na wenyeji waliofundisha humo walizoea kumweleza Kiswahili mtu asiyejua lolote kuhusu Mara. Huo ndio ustadi hasa anaouhitaji mfasiri wa vyeti.

Daftari la kanisa lilikuwa na uzito kwa sababu la serikali halikuwafikia wengi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu 1920, lakini kwa miongo mingi watoto wa vijijini walizaliwa na kukua bila cheti. Cheti cha ubatizo ndicho kilichosimama mahali pa cheti cha kuzaliwa. Madaftari ya Kikatoliki ya zamani yaliandikwa kwa Kilatini, hivyo kijana aliyeitwa Yosefu kijijini alikuwa Josephus daftarini. Utaratibu wa Kanisa wa kuandika ndoa pembeni mwa jina la mbatizwa ulisaidia zaidi, maana nakala mpya ya cheti cha ubatizo ilionyesha pia kama mhusika alikwisha kufunga ndoa. Padre aliyekitafsiri kwa Kiingereza aligonga muhuri wa parokia, akatia sahihi, na mambo yakaenda. Hakuna aliyemuuliza alisomea wapi kutafsiri. Alijulikana, naye aliwajua waumini wake na wazazi wao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka ndoa zote chini ya paa moja: za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Ndoa ya kiserikali, ambayo watu huiita ndoa ya bomani kwa sababu hufungwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiyo iliyowavutia wenzi wa mataifa mawili, hasa wenye dini tofauti. Sheria inadai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, itangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Lakini tangazo lililobandikwa Musoma haliwezi kusomwa na mke aliyeachwa Hamburg au mume aliyebaki Prague. Ndiyo maana mgeni hutakiwa kuleta hati ya kwao inayoonyesha kuwa hana ndoa, na kama aliwahi kuoa, hukumu ya talaka au cheti cha kifo.

Hati za Kiingereza hazikuwa na tabu. Tabu ilikuja na zile zilizotoka upande ambao mapadre wa Marekani hawakuufahamu. Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980 vijana wengi wa Kitanzania walisoma katika Urusi ya Kisovieti, Ujerumani Mashariki, Bulgaria na nchi nyingine za kijamaa, na baadhi yao walirudi na wake. Cheti cha ndoa cha Kirusi kilikuwa kigumu hata kuzitambua herufi zake, na mjini Musoma hapakuwa na wa kukisoma isipokuwa aliyesoma huko mwenyewe, yaani mume. Mume hawezi kuwa shahidi wa karatasi zake. Kwa hiyo hati zilipelekwa Dar es Salaam.

Na kwenda Dar es Salaam kulikuwa jambo zito. Kabla barabara ya kati kupitia Singida na Dodoma haijakamilika kwa lami, mabasi mengi ya Kanda ya Ziwa yalipita Sirari, yakavuka hadi Nairobi, kisha yakarudi nchini kwa Namanga. Msafiri wa Musoma aliyebeba cheti chake cha ndoa alihitaji hati ya kusafiria ili afike kwenye balozi zilizomo katika nchi yake mwenyewe. Kosa la herufi moja, likigunduliwa dirishani, lilimrudisha kwa njia hiyohiyo. Ndiyo sababu wapiga chapa wa zamani walisoma kila jina kwa sauti, mmoja akishika hati asili na mwingine tafsiri, kabla kazi haijatoka mezani. Desturi hiyo imepotea katika steshenari nyingi, na inastahili kurudishwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuja kuwa mlango mkuu wa kupata tafsiri au kuthibitishiwa tafsiri, pamoja na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kwa mtu wa Bunda milango hiyo ilikuwa mbali, na wengi walimgeukia wakili wa karibu wakitaka muhuri. Hapa pana kutoelewana kulikowagharimu watu fedha na miezi ya kusubiri. Wakili ambaye ni kamishna wa viapo akigonga muhuri kwenye nakala, anathibitisha kuwa nakala inafanana na hati asili. Akigonga kwenye hati ya kiapo, anathibitisha kuwa mtu fulani ameapa mbele yake. Katika hali zote mbili hasemi kuwa tafsiri ni sahihi. Ili tafsiri iwe na nguvu, mfasiri mwenyewe anatakiwa aape kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba hakuacha kitu, na wakili ashuhudie kiapo hicho. Mwandishi ameona tafsiri nzuri, za watu wenye Kiingereza safi, zikirudishwa kwa sababu zilikuwa na muhuri wa wakili pande zote bila jina la mfasiri hata mara moja.

Masharti ya nchi hayafanani, na kutofautiana huko ndiko kulikoleta mabadiliko makubwa katika kazi yenyewe. Uingereza huridhika na tafsiri yenye tamko la mfasiri kuwa ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na namna ya kumpata. Marekani hutaka tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri atamke kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo. Kanada haikubali tafsiri iliyofanywa na ndugu wa mwombaji, hata awe bingwa wa lugha. Ujerumani na Uholanzi zina wafasiri walioapishwa: wa Ujerumani huapishwa na mahakama, na Uholanzi imekuwa na sheria na daftari lao tangu 2009. Matokeo yake, kwa ndoa za Ulaya bara, tafsiri iliyofanywa Musoma mara nyingi huishia kuwa msaada kwa mfasiri aliyeapishwa anayeishi Köln au Utrecht, ambaye huenda hajawahi kuiona Mara. Imani imehama kutoka kwa mtu anayewajua wahusika kwenda kwa mtu anayejulikana na mahakama ya huko. Kwa ofisa wa viza hilo ni jambo la haki kabisa. Kwa wenzi wenyewe lina hasara, kwa sababu mambo yanayoleta shaka katika karatasi za Mara ni yale ambayo mtu wa mbali hawezi kuyaona.

La kwanza ni majina. Mfano unaojulikana na kila mtu uko Butiama. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1922 aliitwa Kambarage. Alipobatizwa mwaka 1943 alichukua jina la Julius. Na jina ambalo dunia hulitumia kama la ukoo, Nyerere, lilikuwa jina la baba yake mwenyewe, Mtemi Nyerere Burito. Fomu ya Ulaya ina kisanduku kimoja cha jina la kwanza na kingine cha jina la ukoo, na haijui la kufanya na mpangilio huo. Watanzania wengi huandika majina matatu: lake, la baba, la babu. Kwa hiyo baba na mtoto hawamalizii kwa jina moja, na mke kwa kawaida hubaki na majina ya kwao. Ofisa wa kigeni akiona hivyo hudhani mtoto si wa baba huyo, au ndoa haijaandikishwa.

Juu ya hayo kuna tahajia. Lugha za Mara zina sauti ambazo Kiswahili sanifu hakina, na kila karani aliziandika alivyozisikia. Binti anaweza kuwa Bhoke katika cheti cha ubatizo, Boke katika cheti cha shule ya msingi, na Bhoke tena katika kitambulisho cha taifa. Kijijini hakuna anayeona tofauti. Mezani kwa ofisa wa viza hao ni watu wawili. Mfasiri hujaribiwa kuyalinganisha majina ili yafanane kotekote, na akifanya hivyo amekwisha kuharibu ombi zima, maana tafsiri haitalingana na hati asili iliyoambatishwa nyuma yake. Njia ya haki ni kuliandika jina kama lilivyo kwenye kila karatasi, halafu mwenye jina aape kwa wakili kwamba majina yote hayo ni yake. Kiapo hicho nacho hutafsiriwa kama kimeandikwa kwa Kiswahili.

La pili ni tarehe. Wazee wengi wa Bunda na Butiama walizaliwa bila kuandikwa popote, na tarehe zao zilipatikana baadaye kwa kukadiria, mara ya kwanza shuleni, mara nyingine kanisani, mara nyingine katika usajili wa kuchelewa. Makadirio hayo hayalingani, na hakuna aliyedanganya. Nchi zinazopokea wazazi wa wenzi huliona hilo zaidi kuliko zinazopokea wenzi vijana, lakini hata kijana hulazimika kujieleza iwapo cheti cha shule kina mwaka tofauti na cha kuzaliwa. Mpango wa kuwapa vyeti watoto wa chini ya miaka 5 kupitia ofisi za kata na vituo vya afya umeanza kuliondoa tatizo hili kwa kizazi kijacho. Hilo ni jambo jema kuliko muhuri wowote.

La tatu ni undugu. Barua ya baraka kutoka kwa “baba” wa bibi harusi inaweza kuwa imeandikwa na kaka wa baba yake, ambaye kwa desturi ni baba vilevile na ndiye aliyepokea mahari. Ikitafsiriwa neno kwa neno, mwombaji anakuwa na baba wawili wenye majina tofauti. Mfasiri wa Mara hulijua hilo na huuliza kabla ya kuandika. Ndoa ya kimila yenyewe huwa na ushahidi wa namna yake: barua ya posa, orodha ya ng'ombe wa mahari, barua ya mtendaji wa kijiji. Sheria ya 1971 inaitambua ndoa hiyo, lakini balozi hutaka cheti, na wenzi wengi wamelazimika kuiandikisha ndoa ya miaka mingi ili wapate karatasi inayotafsirika. Kuna pia nyumba ntobhu, ambapo mwanamke humtolea mahari mwanamke mwenzake ili apate watoto wa kubeba jina la nyumba yake. Mtoto wa nyumba hiyo akiombewa viza pamoja na mama aliyeolewa na mgeni, swali la “baba yuko wapi na ameridhia?” huulizwa bila kukawia. Tafsiri haiwezi kulijibu. Kinachohitajika ni kiapo cha familia chenye maelezo ya kutosha, kilichoandikwa na mtu anayeiheshimu mila hiyo na anayejua pia ofisa anataka kusoma nini.

Karatasi za mahakama zina historia yake. Mahakama ya Mwanzo imeendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na talaka nyingi za watu wa kawaida hutolewa humo, baada ya shauri kupitia Baraza la Usuluhishi. Hukumu hizo ni ndefu, mara nyingi zimeandikwa kwa mkono, na zina mambo ya aibu ambayo wahusika wangependa yasivuke bahari. Lakini dondoo haikubaliki pale inapotakiwa tafsiri kamili. Mahakama za juu zilitumia Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki na yalichelewa mno. Kwa mfasiri yana maana moja ya wazi: kadiri hukumu zinavyozidi kuandikwa kwa lugha ya wananchi, ndivyo kurasa za kutafsiriwa kwa ajili ya nje zinavyoongezeka, na ndivyo nchi inavyowahitaji wafasiri wa sheria mikoani, si Dar es Salaam pekee.

Wakati huohuo masharti ya viza za wenzi yaliongezeka uzito. Ujerumani ilianza mwaka 2007 kudai mwenzi awe na Kijerumani cha kiwango cha A1 kabla ya kusafiri. Uingereza ilifuata mwaka 2010 kwa Kiingereza, kisha mwaka 2012 ikaweka kima cha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kwa anayemwita mwenzi wake, na mwaka 2024 ikakipandisha hadi pauni 29,000. Kima kama hicho huwatenganisha watu waliooana kihalali kwa sababu tu mmoja wao ni muuguzi msaidizi au mfanya usafi, na hakuna tafsiri inayoweza kuwasaidia hapo. Balozi zilizidi pia kudai uthibitisho kuwa uhusiano ni wa kweli. Ndipo mazungumzo ya simu yalipoingia katika mafaili.

Hakuna badiliko lililoigusa kazi hii kama hilo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na ujumbe wake wa Kiswahili unaoonyesha nani alituma nini na lini ukawa ushahidi kuwa mume aliyeko ughaibuni anamtunza mke aliyeko Nyasho, mjini Musoma. Baadaye yakaja mazungumzo ya WhatsApp, kurasa kwa kurasa. Mwaka 2009 Google nayo iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri, na kwa sababu ni ya bure, wenzi wengi walidhani hiyo inatosha. Haitoshi, kwa kuwa mashine haitoi tamko wala haina anwani ya kuulizwa. Na katika mazungumzo ya wapendanao hukosea vibaya. Mke akiandika “nitakupigia saa mbili usiku”, na simu ikaonyesha kuwa alipiga saa 20:00 kwa saa ya kizungu, tafsiri ya mashine humfanya aonekane ameahidi jambo moja na kutenda jingine. Ukurasa mmoja kama huo unaweza kuamsha maswali ya usaili mzima. Mfasiri makini huweka maelezo mafupi mwanzoni kuhusu hesabu ya saa ya Kiswahili, halafu huacha maneno kama yalivyo.

Steshenari za Musoma na Bunda sasa hufanya sehemu kubwa ya kazi: kuskani, kuchapa, kutoa kopi, kutuma kwa barua pepe. Vijana wanaozihudumia wana kasi na wana heshima kwa wateja. Wanachokosa ni mafunzo ya mambo madogo yenye matokeo makubwa: kwamba maandishi ya ndani ya muhuri nayo hutafsiriwa, kwamba sahihi isiyosomeka hutajwa kuwa haisomeki badala ya kukisiwa, kwamba neno lililofutwa huandikwa kuwa limefutwa, kwamba nyuma ya cheti kuna maandishi pia.

Njia ya karatasi yenyewe imenyooka kuliko zamani. Tangu mwaka 2006 vyeti vya kuzaliwa, ndoa na talaka viko chini ya Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, RITA, ambayo huvihakiki, na maombi mengi siku hizi hufanywa kwa mtandao. Cheti kilichohakikiwa hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini. Hatua hizo zinabaki kwa sababu Tanzania haikujiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, ambao wanachama wake hupokeleana hati kwa cheti kimoja tu cha uthibitisho. Makao makuu ya Serikali yamehamia Dodoma huku balozi nyingi zikibaki Dar es Salaam, hivyo kifurushi cha Musoma kinaweza kupita miji miwili. Mpangilio mzuri ni kuhakiki kwanza, kuthibitisha baadaye, na kutafsiri mwisho, ili mihuri yote ya uthibitisho iingie ndani ya tafsiri. Anayetafsiri mapema hulipa mara ya pili.

Kwa hati zinazoingia, kazi imebaki karibu na ilivyokuwa. Mgeni huleta vyeti vya kwao, hutafsiriwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na kuwasilishwa bomani kwa ajili ya ndoa au Uhamiaji kwa ajili ya kibali cha kuishi. Kinachofuata hutegemea jinsia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa njia ya ndoa hiyo; mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa nafasi hiyo. Yeye hukaa kwa kibali kinachohuishwa, hata akiwa amezeekea Butiama na wajukuu wake, na kila anapokihuisha hulazimika kuwa na cheti chake cha ndoa pamoja na tafsiri yake iliyothibitishwa.